Mabwana wa Mahindi

Katika matatu ya kwenda Langas nilishuhudia mazishi ya shamba. Mzee Zachariah alitoa hindi bichi mfukoni mwa koti, akalimenya na kumwonyesha mama mmoja kutoka Moiben aliyeketi kando yake. Gunzi lilikuwa na punje chache, kama ufizi wa mtoto anayeota meno.

"Mbegu ya siku hizi ni takataka," alisema. "Shamba langu lote la nyuma ya nyumba liko hivi."

Mama akauliza kama mbelewele zilitoka vizuri. "Zilitoka, nikazikata zote mapema nikapea ng'ombe. Alifurahi sana."

Mama alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. "Wuui! Hayo maua ya juu ndiyo mabwana, Mzee! Vumbi lao linashukia zile nywele ndio punje zishike. Umemaliza mabwana wote kabla ya harusi!"

"Usiniletee harusi, Mama. Ni mbegu."

"Ni panga yako!"

Mimi, ambaye somo la uchavushaji lilinikuta nimelala, niliinamisha kichwa kutoa heshima za mwisho.

"Na leo mashemeji zangu wa Chepsaita wanakuja kula mahindi choma," mzee alinong'ona. "Nimewaringia tangu nipande."

Gari lilisimama. Nje, mashemeji walikuwa wakipunga mikono, mmoja amebeba gunia la makaa.

"Konda," mzee aliuliza akijikunyata kitini, "hii gari inaendelea mpaka wapi?"

"Ni hapa tu, Mzee. Mwisho wa steji."