Bi Odessa na Upande wa Pili wa Bahasha

Ijumaa, tarehe 28 Juni 2019, Bi Odessa Crutchfield anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya kupokea maombi kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Alipoajiriwa hapa Washington mwaka 1988 alikuwa mpiga chapa. Anaondoka akiwa mtu ambaye mawakili wa majimbo hamsini wanamwogopa kuliko majaji wote tisa wa mahakama yetu.

Hofu hiyo ina sababu. Ombi la wakili kwa mahakama ya mwisho ya Marekani huja kama kijitabu chenye jalada jeupe, na Bi Odessa hupima kila kimoja kwa rula ya chuma. Wakili mmoja wa New York, aliyerudishiwa nakala zake arobaini, alipiga simu akifoka, "Mama, unajua unaongea na nani?" Akajibiwa, "Najua, baba. Jina lako lipo kwenye jalada. Na jalada lenyewe ni la buluu." Nakala nyeupe zilifika siku ya tatu pamoja na shada la maua. Maua nayo aliyarudisha.

Wafungwa hawadaiwi jalada. Huruhusiwa kuandika kwa mkono. Machi 2003 ilifika bahasha ya Wendell Suggs, aliyefungwa miaka ishirini na miwili huko Georgia. Alilalamika kwamba kukaa kwake kimya mbele ya polisi kulitumiwa kama ushahidi dhidi yake, jambo ambalo Katiba inalikataza. Mahakama zote za jimbo lake zilikuwa zimemkatalia. Alibakiwa na siku tisini za kutufikia, na muhuri wa posta ulionyesha siku ya tisini na mbili. Faili lilikuwa mikononi mwangu, na barua ya kumkatalia nilishaianza.

Bi Odessa hatupi bahasha bila kuigeuza, na mimi nilikuwa nikimcheka kwa tabia hiyo. Siku hiyo aliiokota kwenye kapu langu la taka, akaigeuza, akanisogezea. "Hebu soma huku." Nyuma palikuwa na muhuri wa gereza, umefifia: siku ya themanini na tisa. Kwa mfungwa, siku inayohesabiwa ni ile aliyoikabidhi barua yake gerezani. "Mwenzio hawezi kuja hapa kukuuliza," akasema, "na wewe ulishamfungia mlango." Niliona aibu, na hadi leo naiona.

Ombi likaingia kwenye orodha. Kesi husikilizwa majaji wanne wakiitaka, na kwa Suggs walipatikana wanne kamili. Mwaka uliofuata hukumu yake ilitenguliwa, jimbo halikumshtaki tena, akarudi kwao. Uamuzi ule una kurasa thelathini na nane, na bahasha haikutajwa popote. Suggs hajui hata jina la Bi Odessa.

Tutazikosa pai zake za viazi vitamu kila vikao vinapoanza Oktoba, na ukali wake kwa waliozikata kabla ya saa sita. Sasa anahamia Roanoke kwa dada yake, akalime nyanya. Rula ameniachia mimi, pamoja na onyo.

Asante, Bi Odessa. Tunakuombea afya njema na siku nyingi zisizo na tarehe ya mwisho. Zawadi yako ipo mezani, ndani ya bahasha, na kila mmoja wetu amegonga muhuri wake. Kabla hujaifungua, igeuze.