Maisha ya Mwalimu Sadoki Watson Msongole, Aliyeacha Chaki Akashika Bomba, 1945–1985

Wachungaji, wazee wa kanisa, viongozi wa kijiji, ndugu na majirani mliotoka Itumba, Itaka na Tunduma, familia ya Mzee Watson Msongole imemtuma mdogo wa marehemu awasomee habari za kaka yake kama zilivyokuwa, tarehe zikiwa zimehakikiwa katika vyeti na katika daftari la familia, na pale ambapo tarehe haikupatikana tumeacha bila kubuni.

Marehemu Sadoki alizaliwa Jumapili tarehe 12 Agosti 1945 hapa Isyenga, wakati milima yetu ikihesabiwa bado katika Wilaya ya Rungwe, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Watson, aliyetutangulia mwaka 1981, na Mama Loisi, ambaye yuko nasi hapa mbele. Alibatizwa Novemba mwaka huohuo.

Alianza shule Januari 1954, akamaliza darasa la nne mwaka 1957, akaendelea na shule ya kati hadi darasa la nane mwaka 1961, akitembea kwa miguu siku nzima kila mwanzo na mwisho wa muhula, na mwaka 1962 akachaguliwa kujiunga na chuo cha ualimu, ambako alisoma miaka miwili na kupata cheti cha daraja C. Januari 1964 alirudi kufundisha hapahapa Isyenga, na tangu siku ile hakuna mtu mzima wala mtoto aliyemwita kwa jina lingine isipokuwa Mwalimu.

Tarehe 10 Septemba 1966 alifunga ndoa na Tulinagwe, na Mungu akawajalia watoto wanne, nao ni Ferista aliyezaliwa 1967, Jenista 1970, Watson 1973 na Ruti 1978, wote wakiwa hai na wakiwa hapa.

Mwaka 1969 wananchi wa Isyenga waliamua kujitolea kuchimba mtaro ili maji ya chemchemi yashushwe hadi kijijini, na kwa kuwa Mwalimu ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri, kamati ilimwagiza aandike barua ya kuomba vifaa. Wazee walikubaliana kwamba zitoshe sehemu nne za kuchotea, kanisani, shuleni, na mbili kati ya nyumba, naye akaandika, kwa maneno ambayo nakala yake tunayo, kwamba wananchi wanaomba mabomba manne. Hapa kwetu bomba ni pale unapotega ndoo, lakini bomba ni chuma chenyewe pia, na walioipokea barua hawakukosea, walituma kilichoandikwa. Mwezi Oktoba lori lilipanda mlima, akina mama wakalipokea kwa vigelegele, turubai likafunuliwa, na ndani yake mlikuwa na vyuma vinne, kila kimoja futi ishirini, nayo chemchemi iko maili moja na nusu. Mzee mmoja wa ukoo wetu akavizunguka vile vyuma na kuuliza, "Mwalimu, sasa haya tuyafyonze?" Watu wakacheka hadi wakakaa chini, na Mwalimu naye alicheka pamoja nao siku ile.

Ombi jipya lilipaswa kungoja mwaka mwingine wa fedha. Februari 1970 kuhara damu kuliingia Isyenga kutokana na maji ya mtoni, kukachukua watoto watatu, na mmoja wao alikuwa Lusungu, binti wa jirani yetu Yunisi, mwenye umri wa miaka saba, aliyekuwa ameanza darasa la kwanza kwa Mwalimu mwenyewe mwezi mmoja tu uliotangulia. Alifariki Jumamosi tarehe 21. Hakuna aliyemlaumu Mwalimu hadharani, lakini yeye alikuwa na hesabu yake, kwamba barua ingeandikwa sawasawa maji yangefika kabla ya Krismasi, na hesabu hiyo hakuna aliyeweza kumfutia.

Tarehe 31 Desemba 1970, akiwa na miaka ishirini na mitano, aliacha kazi ya ualimu. Marehemu baba yetu aliumia sana, na alimwambia mbele ya sisi wanawe, "Tulikusomesha ushike chaki, wewe unakwenda kushika vyoo vya watu." Mwalimu alijibu kwa sauti ya chini, "Baba, chaki niliishika vibaya," akapiga magoti, akaaga, akashuka Tunduma.

Huko alipokewa na Mzee Yahaya Seleman, mwenyeji wa Kondoa, fundi bomba aliyekuwa akifunga maji katika kambi za ujenzi wa barabara na baadaye za reli, naye alimpa kazi ya kubeba vyuma kwa miezi minane kabla ya kumruhusu kukata nyuzi za kuungia mabomba. Mzee Yahaya, ambaye afya haikumruhusu kufika leo lakini amemtuma mwanawe Shaban, aliendelea kumwita Mwalimu huku akimfokea kama mwanafunzi, na siku aliposikia habari za ile barua hakucheka, alimwambia, "Mwalimu, bomba ni neno tu, futi ndiyo kitu. Mtu akikuambia bomba, muulize futi ngapi, inchi ngapi, linaanzia wapi, linaishia wapi, ndipo ushike kalamu." Mwalimu aliyaandika maneno hayo ndani ya jalada la daftari lake, nasi tumeyakuta humo.

Mwaka 1974 kaya zote za Isyenga zilihamishwa kutoka mlimani na kupangwa hapa barabarani, na mwaka 1976, mradi wa maji ulipokubaliwa, Mwalimu aliomba ruhusa kwa Mzee Yahaya akarudi kuusimamia. Alipima mteremko wote kwa mpira uliojazwa maji ili kuona usawa, hatua kwa hatua, akaandika orodha ya vifaa ya kurasa sita ambayo haikuacha hata soketi moja, na kila kiungo alikizungushia katani na rangi kwa mkono wake mwenyewe, akikataa kuachia mtu mwingine. Jumamosi tarehe 9 Julai 1977 koki zilifunguliwa, maji yakatoka mekundu, kisha meupe kwa povu, kisha maangavu, na kila mama wa Isyenga akatega ndoo yake. Yunisi alitega pamoja na wenzake. Asubuhi iliyofuata Mwalimu alimwona akipita kando ya bomba na ndoo kichwani, akielekea mtoni.

Ndugu waombolezaji, tunalisema jambo hili kwa sababu ndilo lililoongoza maisha yake kuanzia hapo. Mama Lusungu alikwenda mtoni asubuhi ile na kila asubuhi iliyofuata. Mwaka 1979 Mwalimu alichimba mtaro peke yake, akaweka koki nyingine hatua kumi kutoka mlangoni kwa Yunisi, naye Yunisi alitoka nje akashukuru, "Asante, Mwalimu, Mungu akuzidishie," watoto wake wakaanza kuchota, na asubuhi yeye akashika njia ya mtoni. Kila alipokuja likizo kutoka Tunduma, Mwalimu aliipima koki ile kabla hajaingia kwake, akaonja maji, akabadilisha mpira wa ndani hata kama haukuchakaa, na ndani ya nyumba swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama Ferista, bado anakwenda?" naye mkewe alijibu, "Bado." Tulimshauri amuulize mwenyewe. Alisema mtu aliyemkosea mwenzake hamuulizi kwa nini hajasamehe.

Katika miaka ya uhaba wa vifaa, kuanzia 1980, aliyatunza mabomba ya shule, zahanati na makanisa kutoka Itumba hadi Saza, akiziba nyufa kwa vipande vya tyubu za baiskeli, na watu waliomkejeli zamani walikuja kumwomba awafundishe vijana wao, naye akawafundisha sita, ambao ndio waliobeba jeneza lake leo.

Novemba 1984 alianza kudhoofika na kuvimba tumbo. Alilazwa hospitalini tarehe 14 Januari 1985, madaktari wakagundua kwamba ni maradhi ya ini, wakafanya yote yaliyowezekana. Siku nne kabla ya kufariki alimuuliza mdogo wake huyu anayewasomea, aliyekuwa ametoka nyumbani kumletea uji, "Umemwona Mama Lusungu?" Mdogo wake alijibu kwamba amemwona. "Alikuwa anakwenda mtoni?" Mdogo wake hakuzoea kumdanganya, akasema ndiyo. Mwalimu aligeukia ukutani. Alifariki Jumapili tarehe 17 Machi 1985, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa, miezi saba na siku tano.

Jana mchana, wakati wa kuandika historia hii, Mama Lusungu aliingia kwa familia kuuliza tutasema nini, nasi tukamsomea hadi hapa. Alilia sana, kisha akaomba maneno yake yaongezwe kama alivyoyatamka, nayo ni haya: "Maji ya Mwalimu ndiyo ninayokunywa, ndiyo ninayopikia, tangu siku yalipofunguliwa. Mtoni sifuati maji. Tulipohamishwa, mwanangu alibaki kule juu kwenye mahame, na njia ya kwenda kwake ni ile ya mtoni. Mwanamke akitembea kila asubuhi mikono mitupu ataulizwa anakwenda wapi, lakini akiwa na ndoo hakuna anayemuuliza. Nilidhani Mwalimu anajua. Angeniuliza, ningemwambia."

Familia ililijadili jambo hili, kwamba lisomwe au liachwe, na Mama Loisi akaamua lisomwe, kwa kuwa Mwalimu mwenyewe alipenda kitu kiandikwe hadi mwisho wake, hata kama kimechelewa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa siku sitini na mbili bila kuchoka, Mzee Yahaya Seleman na mafundi wote wa Tunduma waliotoa gari, majirani wa Isyenga waliochimba kaburi juu ya mawe, walimu aliofundisha nao zamani, uongozi wa kijiji, wachungaji na kwaya. Tunamshukuru kwa namna ya pekee Mama Lusungu, aliyeteka kwenye koki ya mlangoni kwake maji yaliyomwogesha marehemu.

Kaka, umeuliza hadi mwisho, na leo jibu limesomwa. Pumzika kwa amani, Mwalimu.