Viunza vya Mnazi Wake: Historia ya Marehemu Mansuri Abeid Kombo wa Baleni

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh wetu, wazee wetu shikamooni, ndugu na majirani mliofika kutoka hapa Baleni, Kanga, Kilindoni na ng'ambo, nanyi wavuvi wa dago la Shungimbili, mlioacha kambi yenu na nyavu zenu mkaja, mimi Hafidhi Saburi, mtoto wa Biasha, dada yake marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya mjomba wangu, na kabla sijaanza nawaomba radhi, kwa kuwa mlitangaziwa mazishi baada ya adhuhuri na sasa alasiri imeshaswaliwa, jeneza bado liko ndani, naona watu wanatazamana, naona wengine wameinuka na kukaa na kuinuka tena. Mlio wa msumeno mnaousikia kule shambani si dharau kwa msiba, ni sehemu ya mazishi yenyewe, nami nitaeleza nikifika pahala pake.

Marehemu Mansuri Abeid Kombo alizaliwa hapa Baleni tarehe 14 Machi 1958, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Abeid Kombo na Bi Bimkubwa, akitanguliwa na mama yangu Biasha na kufuatiwa na Shaabani, na kitovu chake kilipokatika bibi yetu Bimkubwa alikizika nyuma ya nyumba na juu yake akapanda mche wa mnazi, kama alivyofanya kwa wanawe wote, basi mnazi ule ukaitwa mnazi wa Mansuri, na yeye tangu akiwa mdogo alikuwa akiukagua kama anayedai kitu. Mama yangu anasema mtoto yule hakujua kukaa kitako, ukimpa kifuu anakitoboa, ukimpa kibatari anataka kuona utambi umefika wapi, na siku moja alimwaga mafuta ya taa ya nyumba nzima akajaza ya nazi ili aone kama yatawaka, yakawaka, akapigwa, na kipigo kile hakikumfundisha chochote ila kwamba mafuta ya nazi yanawaka.

Alisoma hapa hapa Baleni, madrasa na shule ya msingi, akamaliza darasa la saba mwaka 1972, na mwaka 1974 akavuka kwenda Dar es Salaam kwa ami yake, akajifunza umakanika katika karakana moja ya Temeke, kisha mwaka 1978 akaajiriwa kwenye kiwanda cha kukamua mafuta, ambako alihudumia mashine za mbata, yaani nazi kavu, na za mbegu za pamba mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 1988, akarudi nyumbani na sanduku la spana na mazoea ya kunusa kila kitu kabla ya kukigusa. Miaka hiyo ya kiwandani ndipo alipooa, tarehe 12 Agosti 1984, kule Kanga, akimwoa Bi Aziza Kheri, nao wakajaliwa watoto watatu, Umi, Mwanahalima na Kheri, na kila mmoja wao ana mnazi wake kwenye shamba lile la bibi la nyuma ya nyumba, ambalo ndilo lililompa marehemu kazi na kumnyima raha kwa maisha yake yote yaliyobaki.

Mnajua wenyewe yaliyotokea kwenye minazi yetu. Bei ya mbata ilipoanguka, nazi zikawa zinaota chini ya minazi bila mtu wa kuziokota, wakaja wanunuzi wa mbao na misumeno yao, shamba baada ya shamba likalala, na mjomba wangu mdogo Shaabani, Mungu amweke, ambaye amenipa ruhusa ya kulisema hili, alitaka na sisi tukate, kwa kuwa nyumba ilikuwa inavuja na mnazi usiouza nazi alikuwa anauona ni nguzo tu ya kufugia kunguru. Bibi Bimkubwa, naye akiwa kitandani mwezi Oktoba 2004, aliwaita wanawe watatu akawaambia kwamba minazi yake isikatwe maadamu nazi ina kazi, na marehemu akajibu kabla ya wakubwa na wadogo kwamba kazi ataitafuta yeye, bibi akafariki wiki ile ile akiwa ameshikilia neno hilo, na tangu siku hiyo mjomba Mansuri hakulala usingizi wa mtu mzima.

Kazi ya kwanza aliyoipatia nazi ilikuwa ni kuendesha mashine. Mwaka 2006 alinunua mashine ya kusaga iliyokwisha, akaifufua, akaibadilisha injini yake ya dizeli ili inywe mafuta ya nazi aliyokamua mwenyewe, ikanguruma, watu wakaja kusaga muhogo na kushangaa, na moshi wake ukawa unanukia kama mtu anayekaanga vitumbua, jambo lililokuwa zuri mpaka ulipoingia mwezi wa Ramadhani. Ile harufu ikaanza kupita nyumba kwa nyumba saa tisa alasiri, watoto wakilia, watu wazima wakikasirikiana bila sababu, mpaka wazee wa msikiti wakamwendea kwa adabu kumwomba kwamba mwezi huo mtukufu atumie dizeli kama watu wengine, naye alikubali huku akinung'unika kuwa kufunga hakujawahi kuharibiwa na pua, na mpaka leo mashine ile inabadilishiwa mafuta mwezi unapoandama na kurudishiwa siku ya Idi, na ndiyo maana watoto wa Baleni wanaijua Idi kwa harufu yake.

Lakini mashine moja ya kusaga haimalizi nazi za shamba, sembuse za kijiji, na yeye alikuwa na haraka, akaona aingie baharini, na hapo ndipo alipokosea kosa ambalo kila mwenye nywele kisiwani hapa angemkanya. Mwezi Julai 2011 alifunga injini ya namna ile kwenye boti ya jamaa zake wa Kanga, akaenda nayo Shungimbili kuchukua samaki, akalala dagoni, na alfajiri wakiwa wameshaondoka, kwa baridi ile ya kusi, mafuta yakaganda kwenye chujio yakawa meupe, kama yanavyoganda ndani ya chupa za mafuta ya nywele ambazo mkewe mwenyewe alikuwa akizianika juani kila asubuhi ya msimu ule. Boti ikasukumwa na mkondo, samaki wakaharibika, na wavuvi wa dago walipokuja kuivuta walimuuliza kama injini yake inahitaji chanuo, neno ambalo limemfuata kwenye kila harusi na kila msiba, hata leo nimelisikia pale nyuma, na mjomba asingechukia.

Aliitengeneza kasoro ile, akazungusha bomba la mafuta kwenye bomba la moshi ili yapate joto, akawa anawasha kwa dizeli kwanza na kumalizia kwa dizeli, ikafanya kazi vizuri kabisa, lakini watu wa boti walikuwa wameshaogopa, na kwao habari ya boti kuzimika ilikuwa imetangulia kufika. Mwaka uliofuata Shaabani aliwaleta wanunuzi wa mbao mpaka mpakani mwa shamba, marehemu akatoka na kanzu ya kulalia akasimama mbele ya mnazi wa mama yangu, ndugu wawili wakatupiana maneno ambayo sitayasoma hapa, wanunuzi wakaondoka, na nyumba ile ikakaa miezi mingi bila wawili hao kula sahani moja.

Ndipo akahamia kwenye ujenzi. Alikuwa amesikia kwamba wazee wa zamani walichanganya mafuta na chokaa ili maji yasipenye ukutani, naye kwa pupa akayachanganya na saruji, akalijengea jiko la Bi Aziza, likakaa siku chache likaanza kumomonyoka lenyewe bila kuguswa, na mjomba akapika nje na mkewe msimu mzima kama adhabu, huku akieleza kila anayepita kwamba sasa amejua kisichofaa. Kilichofaa alikipata mwaka 2014 kwenye maganda ya korosho, yale tunayoyatupa, akayachoma ndani ya pipa lililofungwa, akayakamua mafuta yake meusi makali, akayapika na mafuta ya nazi mpaka yakawa rangi ya kupaka mbao, na mbao iliyopakwa rangi ile mchwa waliizunguka wakaiacha. Mafuta yale ya korosho yaliunguza mikono yake mpaka viwiko, na kila jioni Bi Aziza alikuwa akimpaka ya nazi mabichi juu ya majeraha, akimwambia kwamba huyu mtu mafuta mamoja yanamuua na mengine yanamfufua, amalizane nayo.

Karakana aliyoifungulia rangi ile mnaijua, iko pale njia ya kwenda Kanga, na mkono wake wa kulia tangu siku ya kwanza ni fundi Sudi Swabaha, ambaye yupo hapa na ambaye leo ni mnyonge kuliko sisi sote. Walipaka paa la madrasa, milango ya zahanati, mabanda ya wakulima wa mwani, maboti ya Kanga na ya Kilwa, wakawa wananunua nazi za shamba la bibi zote na za majirani pia, na watu waliokuwa wameshapatana bei na wenye misumeno wakaghairi, kwa hiyo minazi mnayoiona imesimama kutoka hapa mpaka barabarani imesimamishwa na rangi ile nyeusi inayonuka. Na sheria ya karakana ilikuwa moja, aliitamka kila asubuhi, kwamba hakuna ubao utakaotoka mle ndani bila kupakwa mara tatu, na alikuwa akiingia kwenye harusi ya mtu, badala ya kula pilau anainuka kugonga boriti kwa ukucha na kusikiliza.

Masika ya 2023 radi iliupiga mnazi wa Mansuri, makuti yakakauka yote, ukabaki mlingoti mtupu, na marehemu, ambaye alikuwa na jibu la kila kitu, akawa anauzunguka tu. Mwezi Julai 2024 alianza kuvimba miguu, akapelekwa hospitali ya wilaya, kisha Dar es Salaam, ikaonekana ni figo, akarudishwa nyumbani mwezi Novemba kwa ombi lake mwenyewe, na mwezi Januari mwaka huu akamwita Shaabani akamwambia akate mnazi ule, achane viunza, mbao za kumfunikia mwanandani kaburini, kwa kuwa mama alisema isikatwe maadamu nazi ina kazi, na huu nazi hauna tena. Shaabani, aliyeutaka msumeno ule kwa miaka ishirini, aliushika akashindwa kuuwasha, akakaa chini ya mnazi akalia mpaka Sudi akaja kuukata yeye, akachana mbao kutoka sehemu ya juu, akaziweka karakana, na gogo la chini likabaki shambani.

Siku chache baadaye, Bi Aziza akimpaka mafuta mikononi baada ya alasiri, marehemu alimwambia peke yake maneno haya, nami nayasoma kama Bi Aziza alivyonipa: "Aziza, mbao zangu zisipakwe kitu. Wale mchwa nao wana haki yao, nimewanyima muda mrefu." Bi Aziza anasema alimkemea kwa kuzungumza kifo, wakacheka, likapita, na hakuwaza kwamba kuna mtu wa kumpelekea habari ile.

Marehemu alifariki alfajiri ya leo, Jumamosi, tarehe 8 Februari 2025, akiwa nyumbani kwake, mkewe na wanawe wakiwa pembeni, na saa nne asubuhi Sudi alileta viunza uani, vimenyooka, vinang'aa, vimepakwa mara tatu, kwa kuwa hiyo ndiyo sheria aliyofundishwa na mwenyewe, na harufu ile ilipoingia ndani Bi Aziza alitoa sauti ambayo sote tuliisikia, ndipo akatueleza wosia ule. Majirani walitoa mbao nyingine kwa moyo mweupe, Mungu awalipe, lakini Shaabani alisimama akasema kwamba alimbishia ndugu yake mnazi kwa mnazi akiwa hai na leo hambishii tena, akamwomba sheikh saa chache, sheikh akaridhia, akaenda yeye mwenyewe kwenye gogo lile la chini ambalo ndilo gumu kupita lote, na msumeno ule anaushika yeye, unakunywa petroli, jambo ambalo marehemu angelisikia angeuliza kwa nini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa wilayani na wa Dar es Salaam waliomhudumia bila kuchoka na maswali yake, majirani wa Baleni mliopika na kuchota maji tangu alfajiri, jamaa wa Kanga, wavuvi wa Shungimbili, wafanyakazi wa karakana, na sheikh wetu kwa subira yake, na kwa namna ya pekee tunamwambia fundi Sudi mbele ya watu wote kwamba hakukosa, alimtii mtu wake, na mbao zile zilizopakwa zitawekwa mlangoni mwa karakana, zidumu.

Msumeno umenyamaza. Naona Shaabani anakuja na viunza begani, vyeupe, vina unyevu bado, havina harufu ila ya mnazi, basi tuinuke tukamswalie, na tumwombee Mwenyezi Mungu amsamehe, amkunjulie kaburi lake na amkutanishe na mama yake, ambaye minazi yake imesimama. Mjomba Mansuri, umegonga kila boriti ya kisiwa hiki ukisikiliza kama kuna kinachoharibika, na sasa hakuna tena cha kugonga, pumzika, mjomba, pumzika kwa amani.