Ladislav Kucera, Aliyemfufua Mama Yake

Mliozoea kumwita Grant Holloway mvumilie. Jina hilo alipewa na watu wa studio ya filamu. Tunayemzika leo ni Ladislav Kucera, Lada kwa watu wa nyumbani, kitinda mimba wa Frantiska na marehemu Vaclav, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1919 shambani, maili nne nje ya Wilber, Nebraska.

Alimaliza shule hapa Wilber mwaka 1937. Dada yake, Albina, alitolewa darasa la nne akakamue ng'ombe ili yeye asome. Mwalimu alimsifu kwa kuigiza. Nyumbani aliigiza kuumwa kila walipovuna mahindi.

Mwaka 1941 alikwenda California. Studio ikambadilisha jina, halafu, kama walivyozoea huko, ikamtungia na maisha: ati yatima wa Texas, wazazi walisombwa na mafuriko. Albina alimsomea mama yao gazetini.

"Kumbe nimekufa?" mama akauliza. "Sasa huu unga nimemkandia nani?"

Alicheza filamu arobaini na tatu, karibu zote za wachunga ng'ombe, na karibu zote alipigwa risasi hadithi ikiwa katikati. Mama hakukosa hata moja. Mwanawe akianguka tu, anabeba mkoba: "Haya twendeni, Lada keshakufa."

Alifunga ndoa na Doreen Pruitt, Los Angeles, tarehe 3 Juni 1950. Waliachana 1957. Kwao hakualikwa mtu. Yatima angemleta mama gani kanisani?

Mapafu ndiyo yaliyomwangusha. Alirudi Oktoba 1966, amebaki mifupa na kofia. Albina alimkuta mlangoni.

"Unamtafuta nani? Wazazi wako si walichukuliwa na maji?"

"Dada, niache niingie."

"Utaingia. Ila mama ana miaka themanini na moja. Ukifa hujamfufua, mimi sikuziki."

"Mwache ale kwanza!" mama akapaza sauti jikoni.

Alikula. Kesho yake akampigia simu mhariri wa gazeti la mji, sauti inakwaruza: "Mama yangu yu hai. Nimedanganya miaka ishirini na tano. Andika hivyo." Likatoka ukurasa wa kwanza, na picha yao wawili. Mama akalikunja, akalitia ndani ya Biblia.

Alifariki Jumapili tarehe 5 Februari 1967, saa nane mchana, mama kamshika mkono. Albina hajamsamehe ile habari ya ng'ombe. Hii ya mama imekwisha, na nyumba nzima imeshusha pumzi.

Ameacha dada mmoja, wapwa watano, na, ninyi wa magazeti andikeni vizuri msikosee tena, mama yake mzazi, Frantiska Kucera, aliye hai, yule pale mwenye kitambaa cheusi. Mpeni mkono mkitoka. Na Lada alale, hana tena la kuficha.