Spika ya Mzee Inavyolia

Kwenye treni ya Pugu leo asubuhi, mzee mmoja mpiga gitaa la dansi alikuwa amepakata spika mpya ya amplifaya yake. Dada mmoja wa kikundi cha taarabu, naye na gitaa lake, akamwamkia, kisha akaichungulia. “Mzee wangu, sumaku ya nyuma kubwa hivi? Hiyo italia kwa-kwa-kwa, kama bati!”

“Nani kakwambia? Hii ni ti-ling, ti-ling!”

“Tamu ni zile za zamani: nyeeeng!”

Wakabishana hivyo hivyo, kwa midomo. Mie nisiyejua gitaa nikajikuta napiga kelele, “Mzee, rudia hiyo ti-ling!”

Treni ikasimama Buguruni. Wakashuka wote wawili, bado wanabishana kwa ti-ling na nyeeeng. Kumbe spika imebaki kitini. Yenyewe hakuna aliyeiuliza inaliaje.