Mwenye Kilio cha Fontene: Mama Clotilde Mukuka, 1909–1958

Ndugu, jamaa na majirani mliotusindikiza mpaka hapa makaburini: mimi ni Alphonse, mdogo wake marehemu. Nimepewa kazi ya kusoma maisha yake kwa sababu leo, kwa mara ya kwanza, hawezi kunikatiza.

Clotilde Mukuka alizaliwa Kirungu, tarehe 3 Februari 1909, mtoto wa kwanza wa baba yetu Clovis na mama yetu Laurentine. Alisoma miaka minne kwa masista wa misioni. Walimfundisha kusoma, kushona na kuimba, kunyamaza kuliwashinda. Mwaka 1926 baba alipata kazi ya reli, tukahamia Élisabethville.

Mwaka 1929 cité yetu, mtaa wa sisi Waafrika, ikapata fontene ya urembo, pale kiwanjani mbele ya soko: bakuli kubwa la mawe, na katikati yake korongo wa shaba anayetema maji. Mwashi aliyelijenga bakuli na kumsimamisha ndege alikuwa kijana mmoja, Casimir. Siku ya kufungua maji, Jumapili tarehe 10 Novemba, watu walijaa, kila mtu na nguo yake ya misa. Maji yakaja, na korongo, badala ya kutema bakulini, akamtemea Clotilde kuanzia kilemba mpaka viatu. Shingo ilikuwa imewekwa upande. Dada yangu, akichuruzika, akamfuata fundi mbele ya watu wote.

— Weye fundi, ndege yako iko mulevi?

— Unisamehe, mama. Iliona muzuri, ikasahau njia.

Juma lililofuata Casimir alimletea kitenge kipya nyumbani, na korongo alikuwa amenyooshwa shingo. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 7 Juni 1930, na Mungu akawapa Donat na Régine.

Kazi ya marehemu ilikuwa ushonaji. Mashine yake ilikaa barazani, ikitazama fontene, na magauni ya maharusi wengi wa cité yalitoka hapo. Kila Jumamosi alimsugua korongo kwa majivu na ndimu mpaka ang'ae. Wale waliojaribu kufulia nguo bakulini wanakumbuka walivyoambiwa; sitayarudia mbele ya padri. Wakati wa shida ya miaka ya thelathini, maji yalipokatwa na watu wakaanza kutupa maganda ya miwa mle ndani, alifagia kila asubuhi. Alisema maji ya kunywa tunayapangia foleni, ya kufulia tunayapangia foleni, basi acha yawepo na ya kuangalia tu.

Casimir alifariki mwaka 1951. Tulimlia sana. Nyumba alizojenga mjini zilikuwa za wengine, nasi hatukuruhusiwa hata kusimama mlangoni. Fontene ndiyo kazi ya mikono yake ambayo mjane wake aliweza kuigusa. Kwa hiyo mwaka 1954, ofisi ya cité ilipoamua kuivunja ili malori ya soko yapate pa kugeuzia, dada yangu alishindwa kula. Kubishana na ofisi kulikuwa kutafuta gereza. Kulia, lakini, hakukuwa kumekatazwa na mtu.

Jumanne tarehe 4 Mei, asubuhi, alitandika mkeka kando ya fontene, akafungua nywele, akaangua kilio. Mnatujua: mwanamke akiona mwenzake analia, anakaa kwanza, anauliza baadaye.

— Ni nani alikufa, mama?

— Fontene. Bako banakuya kuiua leo.

Walikuwa wamekwisha kukaa, na mtu haondoki kwenye kilio mikono mitupu. Kuni zikaja, sufuria za bukari na mboga zikaja, nyimbo zikaanza. Waashi walipofika na nyundo zao wakavua kofia, wakaweka nyundo chini, wakakaa upande wa wanaume. Mkubwa wao, Laurent, aliyefundishwa kazi na Casimir, alilia kuliko sisi wote.

Halafu akaja bwana wa ofisi mwenyewe. Amekwisha kurudi Ulaya, kwa hiyo naweza kusema: hakuwa na roho mbaya. Alipoona watu wanalia, alivua kofia kabla ya kuuliza, na hapo ndipo aliponaswa.

— Kilio ya nani?

— Ya fontene, Bwana.

Aliitazama kofia mkononi. Kuivaa tena mbele ya wafiwa wote wale, hakuweza.

— Muzuri. Tutangoya kilio iishe. Inaishaka siku gani?

— Siku mwenye kilio atasema, Bwana.

— Basi, akisema, tutavunja.

Aliahidi hivyo mbele ya umati. Kwetu kilio humalizwa na mwenye kilio, na mwenye kilio alikuwa Clotilde, na Clotilde hakukimaliza. Mara kwa mara ofisi ilimtuma karani wake, Désiré, kuuliza. Marehemu, ambaye dakika moja kabla alikuwa akicheka hadi machozi, alivuta kitenge kichwani.

— Bado, mutoto yangu. Roho iko inauma.

Alimwoza Régine, akacheza ngoma mpaka viatu vikakatika, na kilio kiliendelea.

Mwezi wa Januari mwaka huu moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba. Désiré alikwenda kumwona hospitali, akampelekea machungwa, na kwa mazoea akauliza habari za kilio. Marehemu alivuta shuka, akajifunika uso. Tuliondoka pale tukicheka, na nje tukalia. Alifariki Jumamosi tarehe 14 Juni 1958, saa tatu asubuhi, mkono wake mkononi mwa Régine. Nampenda dada yangu, na sijui nitagombana na nani sasa.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, mimi mdogo wake, na fontene moja inayotema maji.

Jana Désiré alikuja, kwa heshima, kuuliza: kwa kuwa mwenye kilio amefariki, je, kilio kimekwisha? Familia ilikaa. Kwetu nafasi ya marehemu haiachwi wazi, lazima mtu airithi. Tumemchagua Edith, binti wa kwanza wa Donat, mwenye miaka saba, ambaye hata malaria haijawahi kumlaza kitandani. Edith, simama, bantu bakuone.

Bwana ampe Clotilde pumziko la raha, na ampe Edith miaka mingi, mingi sana.