Kiguu na Mtandao Usio na Mwenyewe

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni shemeji wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake. Tulimwita Kiguu, maana alikuwa kiguu na njia tangu utotoni. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa pili wa mama mkunga na baba fundi redio, akatembea akiwa na miezi tisa na tangu hapo hakukaa. Alianza shule ya msingi mwaka 1986, akachapwa mara mbili kwa kuifungua kengele ya umeme aone inavyolia, na Novemba 2000 akahitimu chuo cha ufundi wa simu.

Aliajiriwa na kampuni ya simu Februari 2001, akaolewa na kaka yangu, mwalimu wa viziwi, tarehe 6 Agosti 2005, wakajaliwa mabinti wawili, mkubwa akiwa kiziwi. Alijiunga na kundi la wazazi mtandaoni, walikofundishana lugha ya alama kwa video, hadi tarehe 9 Mei 2014, wenye mtandao walipolifunga bila hata taarifa, na video za miaka sita zikapotea. Mwezi huohuo aliacha kazi, akaanza kuunda mtandao usio na mwenyewe mmoja, kila kundi likiwa na kituo chake, yaani kompyuta ya kutunza mambo yake na nakala za jirani, na vituo vyote vikiwasiliana.

Wa kwanza kuujaribu alikuwa mama mkwe wake, yaani mama yangu, aliyeulizwa maswali kumi na moja kabla ya kuingia, akavua miwani, akasema, "Mwanangu, mimi nabisha hodi tu, wewe unanidai funguo za nyumba nzima." Kiguu alifuta kazi ya miezi minane, akahamia meza ya jikoni kwa mkwewe wiki tano, mpaka bibi akamtumia mjukuu wake video bila msaada.

Kutoka watu arobaini, walifika laki tatu mwaka 2022, naye hakulala ila usingizi wa mang'amung'amu, akihofu kwamba akianguka yeye, vyote vitaanguka.

Januari 2023 figo zilimlaza hospitalini, na akiwa kitandani aliagiza kituo chake, kile cha kwanza, kizimwe kimyakimya. Kwa siku tisa watu walipitia vituo vingine, salamu zikafika, wala hakuna aliyemtafuta. Tulidhani atafurahi, kumbe alinuna kutwa nzima, ndipo akamwambia mumewe, "Inauma kutohitajika, lakini ndiyo kazi niliyoitaka," akageukia ukutani, akalala fofofo.

Alifariki tarehe 2 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, mumewe na mabinti wakimshika mikono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia ubishi wake, majirani waliowalea watoto, na wenzake wa mtandao, ambao wawili kati yao wameomba radhi kwa kutofika, wako zamu vituoni.

Mama wa watoto wetu, lala kwa amani.